Mama Alibonyeza Mara Kumi na Tisa

Mama alibonyeza kitufe cha kuita msaada mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa kikawaka kijani.

Kijani maana yake kengele imelia jikoni. Na jikoni alikuwepo dada yangu.

Dada alikula kiapo kwamba hakusikia kitu.

Nikamfukuza.

Tulia nikusimulie, maana hili jambo nimekaa nalo kifuani muda mrefu na kila nikisema nilimeze, linarudi.

Mimi ni fundi. Nafunga zile skrini za ukutani ambazo mtu anagusa mara moja tu taa inawaka, feni inazunguka, geti linafunguka. Wateja wapya wakiniona na ngazi begani huuliza, "Dada, fundi yuko wapi?"

Huwa nawajibu, "Anakuja. Nishikie ngazi kwanza."

Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu, tumesoma naye chuo cha ufundi, wasichana wawili katika darasa la wavulana watupu. Tulikula sahani moja, tukavaliana viatu, tukafeli hesabu pamoja na tukarudia mtihani pamoja. Walimu wakatuita mapacha. Basi jina likaganda: mimi namwita Pacha, na yeye ananiita Pacha.

Tukafungua karakana yetu. Miaka tisa. Hata mama yangu alikuwa akinipigia simu, kabla hajaniuliza nimekula, ananiuliza, "Pacha wako hajambo?"

Sasa kuna kitu kimoja lazima ukielewe, la sivyo hii habari utaisikia nusu.

Kitufe cha kwenye skrini tunakifungia njia mbili. Njia ya kwanza inapeleka amri: washa taa. Njia ya pili inarudisha jibu: taa imewaka. Rangi ya kitufe inatakiwa ifuate jibu. Ukigusa, kinabaki kijivu, kinasubiri kidogo, na taa ikishawaka kweli ndipo kinageuka kijani.

Fundi mvivu anaruka njia ya pili. Anakifanya kitufe kiwake pale pale kidole kinapogusa. Kinapendeza, kina haraka, mteja anafurahi. Lakini kitufe chenyewe hakijui lolote kuhusu taa.

Kuna mstaafu mmoja alituita anatetemeka kwa hasira. Ana bustani ya mboga anayoipenda kuliko wajukuu zake. Skrini aliyofungiwa na fundi mwingine ilimwambia geti limefungwa, akatulia zake sebuleni anasoma gazeti. Kumbe geti limekwama wazi, na mbuzi wa jirani wameingia wamemaliza kila kitu mpaka mizizi.

Alisimama katikati ya vitalu vyake akaninyooshea simu.

"Ona, Fundi. Imeandikwa hapa, limefungwa. Sasa hawa mbuzi wamepita wapi? Angani?"

Tangu siku ile nikawa mkali. Sikabidhi nyumba mpaka nichomoe waya wa kila kifaa, nibonyeze kitufe chake, nikione kinakataa kuwaka. Wateja wakanipachika jina, Fundi Majibu. Nililipenda hilo jina, nisidanganye.

Mahali pamoja tu paliruhusiwa uongo. Kwenye karakana yetu tulikuwa na ukuta wa maonyesho, una skrini kubwa yenye vitufe kumi na viwili, na nyuma yake hakuna taa wala feni. Mteja anagusa, kinawaka, anatabasamu. Tuliviita vitufe vya maonyesho. Vinajijibu vyenyewe.

Tuendelee.

Mama alipata kiharusi cha kwanza, upande wa kushoto ukalegea. Mdomo ulikuwa sawa, akili ilikuwa sawa, na utani wake ulikuwa palepale. Akahamia kwangu. Dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani, akaacha kibarua chake akaja kumwangalia, kwa sababu mimi kila siku niko juu ya dari za watu.

Dada alimwogesha, akamlisha, akamnyoosha viungo. Mimi nilikuwa mtoto wa kupita jioni na kuuliza, "Mama, leo umekula?"

Halafu nikapata kazi mji mwingine, hoteli nzima, wiki tatu. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimepanga kumfungia mama skrini ndogo kando ya kitanda: kitufe cha taa, cha feni, na kimoja kikubwa cha kuita. Akikigusa, kengele inalia jikoni. Muda haukutosha.

Nikamwachia Pacha. Baadaye, nikiwa juu ya ngazi kule hotelini, waya mdomoni, nikamtumia ujumbe wa sauti kuhusu hiyo kazi. Alipomaliza akanitumia picha. Mama anatabasamu, kidole kiko kwenye kitufe, kitufe kijani.

Nilifurahi kweli. Nikawaonyesha mpaka wapishi wa hoteli.

Niliporudi nilimkuta mama anajisifu. "Pacha wako ameniambia, kikiwa kijani nijue dada yako amesikia. Siku hizi mimi ni bosi." Dada akacheka, akasema bosi hajawahi hata kumwita, maana yeye mwenyewe habanduki pale chumbani.

Ilikuwa kweli. Dada alikuwa hapitishi robo saa bila kuchungulia.

Isipokuwa siku ile.

Siku ile kulikuwa na mashuka ya wiki nzima. Dada akamwacha mama amelala, akaweka beseni mlangoni mwa jikoni akafua akiwa ameketi pale pale, mlango wazi, kengele juu ya kichwa chake ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mama akaamka. Akataka kwenda haja. Akabonyeza.

Kijani.

Akasubiri. Akabonyeza tena. Kijani. Akaendelea hivyo hivyo, mara kumi na tisa, kwa dakika arobaini. Mwisho akaona aibu ya kulowesha kitanda ni kubwa kuliko hofu ya kuanguka, akajaribu kuinuka mwenyewe.

Dada alisikia kishindo.

Nilifika hospitali nikiwa na vumbi la dari kichwani. Mama alikuwa amevunjika nyonga, na kiharusi cha pili kilikuwa kimempiga pale pale sakafuni. Aliponiona alifungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na maneno. Nilitoka nje ya wodi nikakaa chini kwenye korido.

Pacha alikuwa ameshafika. Akakaa chini na yeye, akanikumbatia.

Ndipo nikafungua simu nikaingia kwenye kumbukumbu za ile skrini. Skrini zetu zinaweka kumbukumbu ya kila kitufe kilivyoguswa na kilivyojibu. Nikahesabu. Kumi na tisa. Mbele ya kila mstari: kengele imewashwa.

Nikamtazama dada, alikuwa amesimama dirishani na nguo zake bado zimelowa povu.

"Dada, kengele imelia mara kumi na tisa."

"Haikulia."

"Imelia! Hii hapa!"

"Mdogo wangu, nilikuwa chini yake. Kama ingelia hata mara moja ningeruka. Haki ya Mungu haikulia."

Pacha alisogea karibu. Akachungulia simu yangu, akaangalia ile mistari, akasimama, akajipangusa suruali.

"Ngoja nikamletee mama nguo za kubadilisha," akasema. "Nipe ufunguo."

Nikampa.

Alirudi alasiri na begi limepangwa vizuri, mpaka mafuta ya mama ya kujipaka alikumbuka. Nilimshukuru huku nalia.

Saa kumi na moja jioni nikaenda nyumbani na dada. Sikuvua hata viatu. Nikaingia chumbani kwa mama nikabonyeza kitufe. Kikabaki kijivu kidogo, halafu kengele ikalia jikoni, kali, ukiwa bafuni unaisikia, ukiwa kwa jirani unaisikia. Kitufe kikawa kijani.

Nikabonyeza tena. Ikalia tena.

Dada alikuwa amesimama jikoni anaitazama ile kengele, mkono uko mdomoni.

"Sasa sema tena haikulia," nikamwambia.

"Haikulia," akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Maneno niliyomwambia baada ya hapo nitayaandika mbele kidogo, kwa sababu hapa vidole vinakataa. Jua tu kwamba kabla giza halijaingia dada yangu alikuwa ameshika mfuko wake mmoja, amevaa nguo zile zile, anatembea kuelekea barabarani.

Pacha ndiye aliyekaa na mimi wiki ile. Alinipikia uji. Nilipoanza kujilaumu kwamba kwa nini sikuwepo, alinishika mkono akasema, "Pacha, usijitese. Aliyezembea anajulikana."

Likumbuke hilo neno.

Mama alirudi nyumbani baada ya mwezi na nusu. Hasemi, lakini anaelewa. Nikamwajiri mama mmoja mtu mzima wa kumwangalia mchana. Siku ya kwanza nikataka kumtoa mama hofu, nikamwambia, "Ona, mama, kinafanya kazi," nikabonyeza kitufe.

Kengele ikalia jikoni.

Mama alishtuka pale kitandani. Akageuza macho kwenye kitufe, akayarudisha kwangu, akaanza kupiga godoro kwa mkono wake mmoja mzima. Akaonyesha kitufe. Akagusa sikio lake. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, mpaka machozi yakamtoka.

Nikamkumbatia. "Najua, mama. Najua hakukusikia. Nimeshamfukuza."

Mama akaacha kupiga. Akageukia ukutani. Siku ile hakula.

Mimi nikajua ana uchungu na dada. Akili zangu hizi!

Ikapita miezi kumi na minne.

Dada hakupiga simu, na mimi sikupiga. Ndugu walijaribu kutupatanisha, nikawa nawaonyesha ile mistari kumi na tisa kwenye simu. Nani atabishana na mistari? Shangazi mmoja alisema, "Lakini yule mtoto hajawahi kusema uongo," nikamjibu, "Shangazi, mashine nayo haijawahi." Nilijiona nimemaliza mjadala.

Halafu maji ya paa yakavuja yakaingia kwenye skrini ya mama, kioo kikafa nusu. Nikaleta mpya. Kazi ndogo tu: unatoa mpangilio kwenye ile ya zamani, unaupakia kwenye mpya.

Nikafungua kompyuta mezani kwa mama. Mama ananitazama.

Hizi skrini zina tabia moja: kila ukipakia mpangilio mpya, ule wa zamani hautupwi, unakaa pembeni na tarehe yake. Nikaona mipangilio miwili. Wa kwanza ni wa wakati ule niko hotelini. Sawa.

Wa pili ulikuwa na tarehe ya siku ambayo mama alianguka. Saa nane na dakika saba mchana. Umepakiwa kutoka kompyuta ya Pacha.

Nikasoma mara tatu. Saa nane mchana siku ile mama alikuwa wodini, mimi na dada tuko koridoni. Nyumba ilikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa amekwenda kuchukua nguo.

Nikafungua ule wa kwanza. Taa, njia mbili, safi. Feni, njia mbili, safi. Kitufe cha kuita, njia ya amri haikwenda popote, na njia ya jibu ilikuwa imefungwa kwenye kitufe chenyewe.

Kilikuwa cha maonyesho.

Kilijijibu chenyewe mara kumi na tisa. Kengele ilikuwa inaning'inia tu ukutani, haijui kama kuna mama anabonyeza. Na dada yangu alikuwa chini yake na povu mikononi.

Niliinua macho nikamwona mama ananiangalia. Nikamgeuzia kompyuta kana kwamba anaweza kusoma yale mambo.

"Mama, haikulia?"

Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Haikulia.

"Ulikuwa unaniambia hivyo? Siku ile unapiga godoro?"

Akakubali kwa kichwa.

Jamani! Niliweka kichwa kwenye godoro lile lile nikalia, na mama akanipiga begani na ule mkono wake mmoja. Sijui kama alikuwa ananibembeleza au ananiadhibu, na sikuthubutu kumtazama.

Nikaenda karakana.

Pacha alikuwa kwenye ukuta wa maonyesho na wateja wawili, mume na mke, wanajenga. Mke anagusa vitufe, vinawaka moja kwa moja, anacheka.

"Mbona vina haraka hivi?" mume akauliza.

"Mambo ya kisasa hayo," Pacha akamjibu, anatabasamu.

Nilikaa kwenye kiti nikasubiri wamalize. Dakika ishirini. Nilikuwa namwangalia yule mtu niliyevaliana naye viatu, na nilikuwa simjui.

Wateja walipotoka nikamwambia, "Saa nane na dakika saba."

Hakuuliza saa nane gani. Tabasamu lilimtoka usoni, akavuta kiti akakaa.

"Nilijua siku moja utaifungua," akasema.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli. Niliona mistari kwenye simu yako nikaelewa pale pale. Nikaenda nikakiunganisha."

"Mama yangu hajamaliza hata masaa sita hospitali, wewe unakwenda kufuta nyayo!"

"Pacha, nisikilize."

"Usiniite hivyo."

Akachukua simu yake. Akatafuta kwa muda mrefu, kidole kinapandisha, kinapandisha, akairudisha nyuma miezi kwa miezi. Akabonyeza. Ikatoka sauti, na nyuma yake makelele ya drili.

Ilikuwa sauti yangu.

"Pacha, kwa mama usijisumbue sana. Taa na feni unganisha kweli. Hicho cha kuita kiache cha maonyesho kwanza, kiwake tu, bibi kizee afurahi, dada si yuko naye muda wote? Nikirudi nitakimalizia mwenyewe. Usimwambie lakini, atanisumbua."

Halafu nikacheka, kwenye ile simu. Nilisikia kicheko changu mwenyewe.

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Nilirudi kutoka hotelini, nikakiona kijani, nikaamini kijani. Fundi Majibu mzima, ninayechomoa waya nyumbani kwa watu, kitufe cha mama yangu sikukijaribu hata siku moja.

"Nilikuwa nakulinda," Pacha akasema. Na yeye alikuwa analia sasa. "Ungejua kwamba ni wewe, ungekufa. Nilikuona pale koridoni. Nikasema bora niunganishe, ujue ni bahati mbaya tu. Sikujua utamgeukia dada."

Hapo karibu animalize. Kwa sekunde chache nilitaka kumshukuru. Nilitaka sana iwe hivyo, kwamba kuna mtu mmoja duniani alinipenda kiasi kile.

Halafu nikalikumbuka lile neno.

"Nikamgeukia dada ukiwepo. Ulikuwa unanipikia uji."

Akaanza kuizungusha simu mkononi.

"Ukanishika mkono ukaniambia aliyezembea anajulikana. Kitufe nilikutuma mimi, sawa. Na hilo neno nilikutuma?"

Akaiweka simu chini.

"Miezi kumi na minne, Pacha. Ungeniambia wiki ya kwanza ningelia na wewe. Ungeniambia mwezi wa tatu ningekupiga kofi, halafu ningekwenda kumwangukia dada."

"Niliogopa," akasema. "Kila siku ilivyopita ikawa ngumu zaidi. Na tungepoteza kila kitu, karakana, jina, wewe na mimi."

"Kwa hiyo ukaona apoteze yeye."

Akainamisha kichwa. Nikachukua ngazi yangu na begi langu la vifaa. Karakana nikamwachia, na ukuta wake wa maonyesho. Kosa la kwanza lilikuwa langu na nimelibeba, lakini mtu aliyeniangalia nikimchinja dada yangu, akanipa na maji ya kunawa, huyo sikuweza kukaa naye chumba kimoja.

Dada alikuwa amerudi kwenye cherehani, kwenye duka linaloshona sare za shule. Nilisimama mlangoni. Aliniona, akaendelea kushona.

"Mama amekufa?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Hapana! Hapana, dada. Mama yuko salama."

Mguu wake ukapumzika kidogo kwenye pedali. Halafu mashine ikaendelea.

Nikamweleza yote. Kitufe, njia mbili, saa nane na dakika saba, ujumbe wangu wa sauti. Sikuficha kitu. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akakata uzi, akaanza wa pili.

Nilipomaliza akasema, "Nilikuambia haikulia."

"Uliniambia."

"Na wewe ukaniambia nini?"

"Dada..."

"Nataka kusikia. Sema."

Mashine nyingine zote dukani zilikuwa zimenyamaza. Wenzake wanasikiliza.

"Nilisema ulimsikia ukamwacha makusudi. Nikasema umechoka kumtunza, unataka afe upumzike. Nikasema mtoto wa mama yangu hawezi kufanya hivyo, labda wewe uliokotwa. Nikasema usikanyage tena."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehakikisha hesabu imekamilika.

"Unajua nilikwenda kupimwa masikio?" akasema.

Sikuelewa.

"Nilikwenda hospitali. Nikamwambia daktari kuna kengele ililia juu ya kichwa changu mara kumi na tisa, na sikuisikia. Akanipima, akaniambia masikio yangu mazima, nasikia mpaka mbu. Nikatoka pale nikalia mpaka stendi. Kama ningekuwa kiziwi ningekuwa na amani, mdogo wangu. Lakini nasikia. Basi nikasema labda ni kweli. Labda nilisikia nikapuuza, na moyo wangu ni mbaya hivyo na sikuwa najua."

Nilipiga magoti pale kati ya vipande vya vitambaa. Hakuniinua. Aliniacha nikae chini mpaka nilipochoka, na nilistahili.

"Mama anajua?" akauliza mwishoni.

"Mama alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa ananiambia haikulia. Alipiga godoro mpaka akalia. Mimi ndiye sikuelewa."

Hapo ndipo dada aliposimamisha mashine. Akafunika uso na lile shati la mtoto wa shule, mabega yanatetemeka.

"Kwa hiyo mama hajawahi kunidhania," akasema.

"Hata siku moja."

Akajipangusa. "Nitakuja Jumamosi kumwona mama. Sijasema nakuja kwako."

Nilikifunga kile kitufe upya kabla ya Jumamosi. Sasa hakiwi kijani kengele ikilia. Kengele ikilia kinakuwa njano tu. Nimebandika swichi nyingine jikoni, chini ya kengele, na kitufe cha mama hakigeuki kijani mpaka mtu wa jikoni aigonge kwa mkono wake, kusema nimekusikia.

Dada alikuja. Mama alipomwona alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu apoteze maneno. Nitawaachia hiyo wenyewe.

Baadaye dada akaenda jikoni, akasimama pale pale palipokuwa na beseni, akaitazama ile kengele. Mama akabonyeza. Kengele ikalia. Dada akaigonga swichi kwa ngumi, na kitufe kikawa kijani kule chumbani, na mama akacheka.

Wakarudia mara nyingi. Sikuhesabu.

Dada hajarudi kuishi kwangu, na sidhani atarudi. Anakuja Jumamosi, anamnyoosha mama viungo, wanakaa mlango umefungwa. Akinikuta sebuleni ananisalimia vizuri, kama unavyomsalimia mwenye nyumba.

Watu huniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba niliamini kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kuliko mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Wewe unayesoma hapa, siku ukitaka kumhukumu ndugu yako kwa sababu simu imeandika, kamera imeonyesha, skrini imesema, kwanza uliza ni nani aliyeishika mara ya mwisho. Na ujiulize kama aliyeishika si wewe.

Leo ni Jumatano. Kengele imelia sasa hivi, nimeigonga swichi, najua kule chumbani kimeshakuwa kijani. Nikiingia mama ataangalia mlango nyuma yangu, kama kuna mwingine anakuja. Huwa anafanya hivyo kila siku isiyo Jumamosi.

Naenda hivyo hivyo.